Wameliua joka, wamekwamishwa na karani: urasimu unawekwaje kwenye kampeni bila kuua mchezo?

Kete_Mbovu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Naomba msaada kabla meza yangu haijavunjika.

Naendesha kampeni ya njozi kwa kanuni za Dungeons & Dragons toleo la tano, ule mchezo wa mezani ambao msimamizi anasimulia hadithi, kila mchezaji anaigiza mhusika wake, na kete zinaamua. Wachezaji wanne: mpiganaji, mwizi, kasisi na mchawi. Baada ya miezi minane wakafanikiwa kuliua lile joka lililowatesa tangu kikao cha kwanza. Wakalikata kichwa, wakakipakia mkokotenini, wakashika njia ya mji mkuu wakitegemea vigelegele.

Mimi nikajifanya mjanja. Nikasema hawa wamezoea kupigana, ngoja nibadilishe. Getini wakamkuta karani na daftari lake. Kichwa cha kiumbe cha kichawi hakiingii mjini bila kibali. Kibali kinatolewa wapi? Ndani ya mji. Basi waingie kwanza bila mzigo? Mzigo ukiachwa nje ya ukuta ni kosa, kutelekeza mabaki ya kichawi. Mmoja abaki kuulinda? Mlinzi wa mzigo lazima awe amesajiliwa. Anasajiliwa wapi? Ndani ya mji.

Dakika kumi za kwanza walicheka mpaka machozi, nikaona nimepatia. Baada ya saa mbili na nusu hakuna aliyekuwa anacheka. Mpiganaji anapanga kete zake kwa rangi. Kasisi yuko kwenye simu. Mwisho yule mwenye mwizi, mtu mpole kabisa, akasema, "Namchoma kisu." Wenzake wakashangilia kuliko walivyoshangilia joka lilipoanguka. Nikafunga kikao palepale, kisu kikiwa hewani.

Tunaendelea wiki ijayo. Wazo la mji wenye sheria na makaratasi nalipenda sana, sitaki kulitupa. Nimekosea wapi?

Shoka_Kwanza

Umekosea kumzaa huyo karani. Watu wanakuja mezani kuzikimbia foleni, wewe unawafuata nazo. Mwache mwizi amalize kazi, msonge mbele.

Pande20

Naweka kambi hapa. Na mimi niliwahi kuharibu kikao kizima kwa bwana forodha mmoja, mpaka leo wananitania.

MamaZimwi

Mkuu Kete, karani hana kosa.

Fikiria mlango uliofungwa ndani ya handaki. Mchezaji anaweza kuuvunja, kuchokonoa kufuli, kutafuta ufunguo, kuuzunguka, au kubisha hodi aone nani anaitikia. Ndiyo maana hakuna anayeichoka milango. Wewe uliwachorea mlango ukutani kwa chaki. Kila walipousukuma, mawe. Aliyewakwamisha ni wewe, na walishakushtukia. Kile kisu kilikuwa chako, mkuu.

Mimi nikiandaa ofisi nina sharti moja. Karani akisema "hapana", lazima hiyo hapana iwe na mkia. "Hapana, mpaka bwana mizani asaini." "Hapana, labda mpate mdhamini mwenye nyumba ndani ya ukuta." "Hapana, ila yule mzee kwenye benchi alipata chake jana, sijui alifanyaje." Ukitoa hapana tatu zenye mikia mitatu tofauti, wachezaji wataanza kubishana wenyewe waufuate upi, na hapo wewe unakunywa maji yako taratibu.

Halafu ofisi naichora kama ninavyochora handaki. Visanduku vitano, sita: dirisha la mapokezi, chumba cha mihuri, masijala, kwa bwana mizani, ngazi ya nyuma wanakopita watumishi. Kila kisanduku kina mtu, na kwa kila mtu naandika mambo mawili tu, anataka nini na anaogopa nini. Mpiga muhuri anataka kuwahi nyumbani. Mtunza masijala anaogopa ijulikane kwamba faili la mwaka juzi limeliwa na panya. Tayari wana pa kushika: mchawi anaweza kulifufua faili, mwizi anaweza kutishia kulitaja, kasisi anaweza kuketi na yule bwana akamsikiliza mpaka akalitaja mwenyewe.

Jingine, weka kikomo kwa saa ya ukutani, siyo saa ya hadithi. Kwangu ni dakika thelathini kwa ofisi moja. Zikiisha kitu kinatokea: bosi anarudi, kengele inalia, mtu mwingine anajitokeza kudai kichwa ni chake. Hata kama walikuwa hawajamaliza. Hasa kama walikuwa hawajamaliza.

Shoka_Kwanza

Sawa mama, lakini hiyo siyo ofisi tena, ni handaki lenye madirisha.

MamaZimwi

Umeelewa vizuri kuliko unavyotaka kukiri.

Pande20

Swali kwa wote. Mkishaweka hizo ofisi zenu, wachawi mnawafanyaje? Kwangu mchezaji humpiga karani kwa Charm Person, uchawi wa kumfanya mtu akuone rafiki, muhuri unagongwa, kesi imekwisha. Na wasio na uchawi wana vifaa vya kughushi, vimo kwenye orodha ya kanuni kwa vipande 15 vya dhahabu. Urasimu wote kwisha habari kwa bei ya upanga mrefu mmoja. Naona tunajenga boma la mchanga.

Karani_Mstaafu

Kijana Pande20, hapo ndipo utamu ulipo. Nilikaa masijala miaka mingi kabla sijaijua kete ya pande 20, acha niseme kidogo.

Ofisi huwa haitungi kanuni kwa sababu inapenda kanuni. Mtu fulani aliwahi kuidanganya, ikaumia, ikaandika. Kwa hiyo ukiwa na dunia ambayo watu wamekuwa wakirogana kwa miaka elfu, usijiulize wachezaji watamfanya nini karani. Jiulize wenzao waliowatangulia walishamfanya nini, na ofisi ikajibu vipi.

Angalia kanuni zenyewe. Charm Person kwenye toleo la tano hudumu saa moja, na ikiisha aliyerogwa anajua kwamba alirogwa. Sasa wewe ni mkuu wa ofisi mwenye akili. Unafanyaje? Unaagiza kwamba hati yoyote haina nguvu mpaka ipigwe muhuri wa pili kesho yake asubuhi, na mtu ambaye hakuwepo dirishani siku ya kwanza. Yule wa jana akiamka na kumbukumbu ya kurogwa, hati inachanwa na walinzi wanatumwa. Yaani "njoo kesho", neno lililotutesa maisha yetu yote, kwenye mji wa kichawi ni kinga. Siyo uvivu hata kidogo.

Illusory Script, uchawi wa kuficha maandishi ya kweli, hudumu siku kumi. Basi hati za nchi za mbali zinawekwa sandukuni siku kumi na moja kabla hazijasomwa. Mchezaji akiuliza kwa nini kumi na moja, mwache karani amtazame tu. Mchawi atapiga hesabu mwenyewe, atacheka, na utakuwa umemheshimu kwa kujua uganga wake.

Zone of Truth, uchawi wa kuzuia uongo, ni dakika kumi, na aliyemo ndani anaweza kunyamaza au kuzungukazunguka ilimradi asiseme uongo. Basi kuna chumba cha kiapo, watu wanaingizwa kwa makundi ya dakika kumi, na karani wa humo amefunzwa kuuliza maswali ya ndiyo na hapana. Mwombaji akijibu kwa hadithi, anarudishwa nyuma ya foleni.

Na kughushi, hata watu wasio na uchawi walipambana nako kwa akili. Uingereza hazina ya mfalme ilitumia vijiti vya hesabu kwa karne nyingi. Unachonga alama za deni kwenye kijiti, unakipasua kwa urefu, kila upande unachukua nusu yake. Siku ya kulipa nusu zinaunganishwa, na mishipa ya mti haidanganyi. Mikataba nayo iliandikwa mara mbili kwenye ngozi moja, ikakatwa kwa mstari wa meno meno, ukileta nusu yako meno yasipokutana umekwisha. Hivyo vijiti vilipopitwa na wakati wakaamua kuvichoma kwenye tanuri za chini ya bunge, Oktoba 1834. Moto ukaliteketeza bunge karibu lote. Mimi nisingethubutu kutunga kitu kama hicho, wachezaji wangesema nimezidisha.

Hebu mpe mchezaji nusu ya kijiti tu. Hakuna maelezo. Mwambie nusu ya pili iko kwenye masijala ya mji fulani. Ana safari ya vikao vitatu mkononi.

Pande20

Aisee. Naondoa ya boma la mchanga. "Njoo kesho ni kinga" nakwenda nayo.

Msafiri_wa_Meza

Karani umenikumbusha kitu ninachokitumia kila kampeni. Wafalme wa Denmark walitoza ushuru meli zilizopita mlango wa bahari wa Øresund, pale Helsingør, tangu 1429 mpaka 1857. Ushuru ulikuja kwenda kwa thamani ya shehena, na thamani anaitaja nahodha mwenyewe. Utasema si wote watataja kidogo? Mfalme alijiwekea haki ya kuinunua shehena kwa bei ileile uliyoitaja. Ukitaja ndogo, anakuchukulia mali kwa hiyo ndogo. Ukitaja kubwa, unalipa ushuru mkubwa.

Kete, mpe karani wako sentensi moja tu: "Kichwa hiki mnakithamini kwa kiasi gani?" Kisha muongeze kwamba malkia anaweza kukinunua kwa bei watakayoandika. Halafu nyamaza. Nilipofanya hivyo kwangu, kwa meli iliyobeba masanduku ya vitabu vya uganga, walibishana wenyewe robo saa nzima bila mimi kufungua mdomo. Mmoja anataka kulipa kidogo, mwingine anasema vitabu hivi havina bei, kasisi anataka waseme ukweli, na ukweli hakuna anayeujua. Hakuna kete iliyorushwa. Kilikuwa kipande kizuri kuliko vita vya siku hiyo.

Na kama unataka kuchelewesha watu, kuchelewa kuwe na gharama inayoonekana mezani. Mji wa Dubrovnik mwaka 1377 uliamuru wanaotoka sehemu zenye tauni wakae kando siku thelathini kabla ya kuingia. Baadaye kwingine zikawa arobaini, na neno karantini limetokana na hiyo arobaini ya Kiitaliano. Siku thelathini kwenye hadithi ni sentensi moja, "mnakaa siku thelathini", hakuna anayeumia. Lakini chora duara ukaligawe vipande sita kama wanavyofanya kwenye mchezo mwingine, Blades in the Dark, andika juu yake "laana inafika moyoni mwa mtoto", jaza kipande kimoja kila wakiambiwa warudi kesho. Utaona watu wanavyokaa wima.

Shoka_Kwanza

Nimesoma yote, nakubali kuna vya maana. Lakini hakuna aliyegusa tatizo langu. Mimi siku zote nacheza mpiganaji. Karisma yangu, yaani namba ya ushawishi wa mhusika, ni 8. Mkifungua hizo ofisi zenu, anayeongea ni yule mshairi mwenye karisma 18, mimi nabeba mzigo na kusikiliza. Handaki linanihitaji. Ofisi hainihitaji. Nikikaa saa nzima bila la kufanya, nitapindua meza, na hiyo siyo kukosa ustaarabu.

MamaZimwi

Hilo ni kubwa, na ni kosa letu wasimamizi. Tunafikiri ofisi maana yake maneno, na maneno maana yake kete moja ya ushawishi. Mtu mmoja anarusha, wengine wanatazama.

Dawa yake ni kuhakikisha makaratasi yanahitaji watu mbalimbali. Sheria itake maelezo ya aliyepiga pigo la mwisho, kwa mdomo wake, siyo wa mwakilishi. Mpiganaji anaitwa kwenye kiti. Na huko asirushe karisma. Aulizwe: ulisimama wapi, joka liligeukia upande gani, kwa nini hukukimbia? Anaijua ile vita kuliko mtu yeyote mezani. Nimemwona mchezaji mkimya wa miaka miwili akiongea dakika sita mfululizo kwa swali hilo la mwisho.

Karani_Mstaafu

Na usisahau kwamba kupigana nako kuliwahi kuwa utaratibu wa mahakama. Uingereza mwaka 1818 mshtakiwa wa mauaji alidai haki ya kupigana na aliyemshtaki, majaji wakapekua sheria wakakuta hakuna aliyewahi kuifuta. Aliyeshtaki akajitoa, jamaa akaenda zake. Mwaka uliofuata bunge likaifuta haraka haraka.

Shoka, fikiria wakati mshairi amebanwa kwa hoja dirishani, wewe uko masijala unasoma kwa kidole, neno kwa neno, unakuta kifungu cha miaka mia tatu kinachosema pingamizi lolote la mzigo linaweza kumalizwa kwa upanga mbele ya mizani. Karani mwenyewe anakisoma mara mbili. Anaita mkuu wake. Wanatafuta upanga wa ofisi, una kutu.

Shoka_Kwanza

😂😂 Upanga wa ofisi! Mkuu, nimenunuliwa. Lakini vichekesho hivi mtavimudu mpaka lini?

Pande20

Ndiyo, hata mimi nauliza. Kuna mchezo wa Paranoia wa 1984, wenyewe fomu na vibali vya rangi ndio uhai wake, na unachekesha kwelikweli. Ila kule mhusika ana miili sita, akifa mnacheka mnaendelea. Ni mchezo wa jioni moja au mbili. Kwenye kampeni ya mwaka mzima karani kichekesho akirudi mara ya tatu anachosha.

Karani_Mstaafu

Kwa hiyo asirudi kama kichekesho. Arudi kama mtu. Na fomu yake iwe na jambo la kusema.

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote niliyoandika hapo juu. Fomu ni njia ya kumweleza mchezaji dunia yako bila kumhutubia. Sisi wasimamizi tunaandika kurasa kumi za historia ya ufalme, hakuna anayesoma. Fomu wataisoma, maana inawazuia njia. Kila swali la ajabu humo ni kovu la tukio. Swali la nne: "Je, vivuli mlivyo navyo ni vyenu wenyewe?" Hujaeleza chochote, lakini mezani wote wamejua kwamba kuna siku watu waliingia mji huu na vivuli vya kuazima, na mambo hayakwenda vizuri. Swali la saba limefutwa kwa wino mweusi. Atakayeinua karatasi kwenye mwanga asome kilichofutwa ni yule mwizi, nakuhakikishia.

Maswali matano tu yanatosha. Yaandike kwenye karatasi ya kweli, uwape waijaze kwa kalamu.

Kete_Mbovu

Wakuu, nimechukua kila kitu. Nimekaa usiku mbili na karatasi. Nitaleta mrejesho.

Pande20

Usituache hewani kama kile kisu.

Kete_Mbovu

MREJESHO. Mniwie radhi kwa urefu.

Nilianza pale pale, kisu hewani. Karani hakurudi nyuma. Alifungua droo, akatoa fomu, akamuuliza mwizi, "Jina lako linaandikwa kwa herufi moja ya S au mbili?" Ilikuwa fomu ya kushambuliwa ukiwa kazini. Ilishajazwa nusu, tarehe tu zilikuwa zinabadilika. Mwizi akaangalia rundo lililokuwa kwenye droo, akarudisha kisu mwenyewe. Akauliza, "Unashambuliwa mara ngapi?" Karani akasema, "Wiki hii?" Tangu hapo nikajua tumepona, kwa sababu wa kwanza kumwonea huruma alikuwa yeye.

Kisha nikafanya kitu ambacho hakuna aliyenishauri, nikawaomba radhi. Nikasema kikao kilichopita niliwajengea ukuta, leo kuna milango, naomba tuendelee. Hawakusema kitu, ila mpiganaji akazikusanya kete zake zilizokuwa zimepangwa kwa rangi.

Nikatoa fomu. Karatasi ya kweli, nimeichovya kwenye maji ya kahawa ikauke, mke wangu akacheka sana. Maswali matano. Swali la thamani ya Msafiri liliwamaliza, walibishana mpaka nikaogopa watapigana. Wakaandika bei ya katikati ambayo haikumridhisha yeyote. Ushahidi wa pigo la mwisho ulikwenda kwa mpiganaji. Shoka, huyu wangu naye ana karisma 8. Alipoulizwa kwa nini hakukimbia alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Nilidhani wenzangu wameshakimbia, nikaona angalau mmoja abaki." Wenzake hawakuwa wanajua. Tangu joka lianguke hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kisha wakafika swali la tano. Nililiandika hivi: "Tangu kikatwe, kichwa kimezungumza? Kama ndiyo, andika maneno yenyewe. Usiyatamke."

Kimya. Kasisi akaweka simu chini, kifudifudi. Mchawi akauliza taratibu, "Kwani huwa vinazungumza?" Karani akajibu kwamba yeye anaandika tu. Wakamtuma mwizi akaangalie mkokotenini kama turubai bado limefungwa. Lilikuwa limefungwa. Akalifunga tena, mafundo mawili zaidi.

Wakajaza "hapana", wakasaini. Karani akachukua daftari kubwa kuingiza usajili. Akapitisha kidole kwenye safu. Akasimama. Akapitisha tena. Akawaambia kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa kwamba kichwa hiki, kwa vipimo hivi, na kovu hili chini ya jicho la kushoto, kilishasajiliwa getini hapahapa miezi mitatu iliyopita. Ushuru umelipwa. Kimeingia.

Nikafunga kikao hapo. Wameandikiana kwenye kundi letu mpaka saa nane usiku.

MamaZimwi

Umenitia baridi mgongoni, na mimi siyo hata mchezaji wako.

Karani_Mstaafu

"Usiyatamke." Kijana, ungeajiriwa.

Shoka_Kwanza

Subiri kwanza. Miezi mitatu iliyopita joka lilikuwa hai! Nani alikisajili? Usinifanyie hivyo, sema kabla sijalala.

Kete_Mbovu

Njoo kesho.